Mkwe wa Ng'ambo ya Mto

Jumatano, Rau

Na bado wenzangu wa ujumbe wa Tanzania wananiuliza kwa nini nilinyamaza mkutanoni asubuhi nzima! Kiongozi wa ujumbe wa Kenya ni Mwadime, baba wa binti ambaye mwanangu anamuoa baada ya Pasaka. Mtu amekula mtori wa ndizi kwangu juzi tu, leo nimkaripie?

Ugomvi ni mto Lumi. Unapita kwao kabla ya kufika Ziwa Jipe, na kiangazi wakulima wao wakifungua mifereji, wetu wanabaki na matope. Sisi tulitaka wasifungue kabla hatujakubaliana. Wao walitaka “kutuarifu” tu. Kama tangazo la msiba.

Mchana bosi wangu akaninong'oneza, “Mama Eliya, umeuza mto kwa ajili ya harusi?”

Nikapandwa na hasira, nikasimama. “Mkwe,” nikamwambia Mwadime mbele ya wote, “mwanangu angekuarifu tu kwamba amemchukua binti yako, ungekubali?”

Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa yeye. Akachukua kalamu, akafuta “kuarifu” kwenye rasimu ya mkataba, akaandika “kukubaliana”. Wenzake wakaguna.

Wakati wa chai akanifuata. “Mkwe, umeniaibisha mbele ya vijana wangu.”

“Na wewe ulitaka kunikausha mbele ya wangu.”

Akaondoka na kikombe chake. Sijui harusini tutakaaje meza moja, na kusema kweli naogopa. Eliya bado sijamwambia.

Lakini kiangazi kikifika, itabidi wanipigie simu ofisini kabla ya kufungua mifereji, na wasubiri jibu. Na mimi simu huwa nachelewa kupokea.