Jina Nililolitaja Mwanhuzi

Harieth,

Huku Bariadi hatujambo. Mvua imekatika mapema, pamba imesinyaa. Mwavuli wako bado ninao.

Jumanne niliwasilisha utafiti wangu wa vifo vya watoto wachanga kule Mwanhuzi. Akina mama wengi waliokuja wanajua Kisukuma tu, kwa hiyo nesi Felisita alinitafsiria. Aliongea kirefu kabla sijafungua mdomo. Nikaonyesha asilimia zangu, wakasikiliza. Nilipomaliza wakapanga mstari, kila mmoja akanishika mkono kwa mikono miwili. Wa mwisho akaniuliza jambo.

“Anauliza mtoto wako aliitwa nani,” akasema Felisita.

Nikamuuliza wamejuaje.

“Niliwaambia na wewe umezika. Bila hivyo, daktari, wangeona umekuja kuwahesabia makaburi.”

Asubuhi, njiani, nilikuwa nimemweleza Felisita habari za mtoto wetu. Kabla yake sikuwahi kumweleza mtu.

Unakumbuka tulivyosema: aliishi siku mbili tu, jina la nini. Nikataja la baba yako, Ladislaus. Wakalirudia wote, polepole, mpaka likawakaa mdomoni.

Nimeona ulisikie kwangu kwanza.

Ansbert