Nyaya Mbili za Bluu

Jumatatu, 5 Mei

Tangu saa moja asubuhi nipo kijiweni kwangu, mtaa wa Gerezani, natengeneza umeme wa magari. Gari la tatu leo, Noah ya Mama Upendo, yule anayechukua samaki Feri na kuwapelekea wenye mahoteli. Waipa hazifanyi kazi. "Fundi, nimetoka Feri kwenye mvua, kichwa nje ya dirisha kama mbuzi anayepelekwa machinjioni." Nikacheka.

Fyuzi nzima. Mota nikaipa moto wa moja kwa moja, ikazunguka. Basi ni swichi. Nikaenda Kariakoo kwa Mangi, muuza vipuri, akanipa ya mtumba kwa neno tu, kama siku zote: kajaribu, isipofanya rudisha. Rashidi, mpimaji wake, alikuwa ameshaipima.

Soketi haikulingana. Nikakata, nikaunga waya kwa waya. Wingu zito, chini ya usukani giza. Kuzungusha ufunguo tu, fyuzi ikakata. Nikaweka nyingine. Ikakata. Swichi ina shoti ndani. Nimechukia, siku nzima imepotea.

Jumanne, 6 Mei

Nimeirudisha. Rashidi akabisha. "Kaka, nimeipima kwa mkono wangu. Hii inapitisha." Mbele ya wateja nikamjibu, "Wallahi imekufa." Sijui kwa nini niliapa. Hakuna aliyeniomba kiapo.

Mangi akamgeukia. "Fundi ana miaka ishirini kwenye umeme, wewe miwili kwenye stuli yangu, nimsikilize nani?" Akamwambia kesho asije. Nilidhani ni hasira tu, itapoa.

Akanipa swichi nyingine. Ile mbovu akaitupia kwenye mfuko wangu, nikachomoe vyuma. Nimefunga hii saa sita mchana, jua kali. Waipa zikatembea vizuri. Mama Upendo kaondoka anaimba pambio.

Jumatano, 7 Mei

Haikupoa. Stuli ya Rashidi tupu. Mangi anasema wapimaji wapo wengi. Mvua imepiga tangu asubuhi, na Rashidi amepanga Jangwani, bondeni kabisa, na watoto wanne.

Sina raha. Nimerudi nyumbani mapema, nikaifungua ile swichi nione ilipoungua. Haijaungua popote. Vyuma vinang'aa. Nikaweka mita: inapitisha kila upande.

Nilipoitoa kwenye gari niliikata kwa haraka, kwa hiyo viungo vyangu bado vinaning'inia. Nyaya mbili ni za bluu, zinatofautiana kwa mstari mwembamba tu. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Nikamwomba anisomee mistari, sikumwambia kwa nini.

"Huu mwekundu. Huu mweusi. Kwani huoni?"

Nilikuwa nimeunga mwekundu kwenye mweusi. Waya wa moto nimeufunga mahali pa waya wa mwendo mdogo wa waipa. Hata swichi mpya ya dukani ingekata fyuzi.

Ni macho yangu. Mwaka mzima nasogeza vitu mbali na uso nikisingizia mwanga. Na nimeapa kwa jina la Mungu.

Alhamisi, 8 Mei

Sikwenda kwa Mangi. Nimepita mtaa wa nyuma kama mwizi. Nikisema, nani atamwachia gari fundi umeme asiyetofautisha nyekundu na nyeusi? Nisiposema, nimekula kazi ya mtu.

Nimeswali mara tano. Hakuna hata moja niliyokuwa ndani yake.

Ijumaa, 9 Mei

Baada ya swala Rashidi kanikuta natafuta viatu. Kanipa mkono. "Kaka, nimefikiri sana. Labda betri yangu ya kupimia ilikuwa na moto mdogo, ikanidanganya. Usiniwekee kinyongo."

Yeye ananiomba mimi msamaha.

Nimemjibu, "Tumwombe Mungu." Ndilo jibu nililompa, nikavaa viatu nikaondoka. Mwoga mkubwa. Chakula cha mchana nimekisukuma pembeni. Mke wangu kaniuliza kama naumwa, nikamweleza yote. Hakunilaumu. Kasema tu, "Uliapa mbele ya watu. Kasemee hapohapo."

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda saa nne, duka limejaa. Makusudi. Nikaomba betri, nikaunga ile swichi mwekundu kwa mwekundu, mke wangu alikuwa ameniwekea alama. Taa ya kupimia ikawaka.

Mangi akaizima, akaiwasha tena. "Kwa hiyo nimemfukuza mtu kwa neno lako."

"Ndiyo."

"Na uliapa."

"Niliapa. Nilidhani ni kweli. Macho yangu yameanza kunitupa."

Mpagazi mmoja, gunia begani, akasema, "Fundi, hebu niambie, shati langu rangi gani?" Watu wakacheka. Nami nikacheka kidogo, maana lilikuwa limepasuka mpaka halina rangi. Lakini limeniuma.

Mangi akampigia Rashidi palepale. Arudi Jumatatu. Kisha akaniambia, "Kwako mali haitoki kwa neno tena. Tunapima ukiwepo." Sikubisha. Lile neno ndilo lililonijengea jina Kariakoo.

Nimejiandikisha kupimwa macho. Kulisha masikini kumi kufidia kile kiapo siwezi sasa hivi. Nitafunga siku tatu badala yake.

Jumatano, 14 Mei

Funga ya tatu. Kijiwe kimepoa, habari imeshafika. Magari mawili tu tangu Jumatatu.

Nimekwenda kwa Mangi kufuata swichi nyingine, ya gari la jirani. Rashidi yupo kwenye stuli yake. Tumesalimiana, basi. Nilitaka kusema neno, akawa ameshainama kwenye betri. Akapima waya mmoja mmoja mbele yangu, taratibu, kama alivyoagizwa.

Alipomaliza hakunipa. Akachukua uzi mweupe, akaufunga kwenye kila waya. Fundo moja, moto. Mawili, mwendo mdogo. Matatu, mwendo mkubwa. Akanishika kidole, akakipitisha juu ya mafundo mpaka nikaitikia kwa kichwa kuwa nimeelewa.

"Siku za mvua pale kwako kuna giza," akasema, akamwita mteja mwingine.

Nimeiunga alasiri, vidole vyangu vikihesabu. Magharibi ilipoingia nimefungulia tende na maji, nikaswali. Nimekaa kwenye mkeka muda mrefu. Mvua inanyesha.