Tulicheza Mashine ya Kahawa

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku kijijini Mpemba, karibu na mpaka, tu wazima. Babu yako bado anagombana na malori yanayoziba geti letu.

Umeniuliza kama uache kucheza singeli na wenzako huko Dar, kwa sababu watu wanasema hizo ni kelele za kompyuta, si muziki.

Nilipokuwa msichana Mbozi, tulisaidiana kumenya kahawa kwa zamu, leo kwetu, kesho kwa jirani. Mashine ya mkono ilikuwa na mdundo wake, nasi wasichana tukaucheza. Mzee wa kanisa akaja akafoka: "Hata ngoma hamna! Mnacheza chuma?"

Tukasimama. Mama ndiye aliyeshika mpini wa mashine. Akazungusha kwa kasi zaidi, nasi tukacheza.

Ikafika zamu ya mzee mwenyewe. Kahawa ikishachumwa hailazwi, ikilala inaharibika. Tukaenda wote, tukacheza uani kwake, mbele ya macho yake. Angemfukuza nani? Mpaka tunamaliza, mguu wake ulikuwa unagonga chini.

Halafu wewe unaniuliza uache?

Mimi bibi yako, magoti yamechoka, mabega bado.