Komeo la Bi Zuleha

Anold mwanangu, nimechoka mie. Leo nimejiaibisha, basi tu.

Si unajua sisi mafundi tunafunga milango mipya kule Pongwe, kwenye kituo cha watu wenye ulemavu? Lile bweni wamelivunja, kila mtu kapewa chumba chake, eti pawe kama nyumbani.

Sasa wakaja wageni. Meneja akaniambia niwaonyeshe chumba kimoja. Nikasukuma mlango, huyoo ndani.

Bi Zuleha yupo kwenye kiti chake cha magurudumu, kanga kifuani, anajipaka mafuta. Na wageni wote nyuma yangu!

Hakupiga kelele. Kaniangalia tu. "Rahimu, kwa mamako unaingia hivi? Hodi umeiacha wapi?"

Hodi, Anold! Sikupiga hodi. Mtoto wa Ngamiani mie, niliyelelewa kwa adabu!

Nikajitetea, "Samahani bibi, si ungefunga komeo."

"Mmeliweka juu kule. Nilifikie kwa mabawa?"

Mwanangu, lile komeo nimelipigilia mwenyewe. Nilipima kwa urefu wangu. Milango yote.

Akasema, "Bwenini watu walikuwa wanapita tu kama sokoni. Hiki nilidhani changu."

Hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Wageni walipoondoka nikalishusha hadi mkono wake unapofika. Njaa, jasho, mgongo unaniuma. Nikatoka nikanywe maji.

Nyuma yangu nikasikia kacha! Kafunga.

Nyundo yangu imebaki ndani, na milango mingine yote inaningoja.

Nimepiga hodi. Namsikia anajiimbia.

Nikapiga tena. "Nani?"

"Rahimu, bibi."

"Ngoja."

Bado nangoja.