Mvua Uliyoniwekea Masikioni

Kaka Elisante,

Simu hupokei, kwa hiyo nimeamua kukuandikia hadharani. Labda mtu atakusomea.

Unakumbuka tulivyohangaika na kelele za kile chumba juu ya duka la mama, Kariakoo? Chini, spika za wauza viatu zilirudia bei ileile kutwa nzima, na mimi nilikuwa naandika programu ya kutunza hesabu za stoo, kosa moja linanilia siku mbili. Ukanitafutia muziki. Kwaya nikawa naiimba. Bongo fleva ikaniingiza maneno ya wimbo katikati ya programu. Ulipoweka taarabu, mama alipanda ngazi akakaa kusikiliza, wateja wakabaki peke yao dukani.

Mwishowe ukaniletea mvua uliyoirekodi kwa bibi, Machame, ikipiga mabati, pamoja na hedifoni kubwa zenye kitaa cha bluu kinachowaka zikiwashwa.

"Hii haina maneno," ulisema. "Utatulia."

Nilitulia kweli. Makosa yaliyonishinda wiki nzima niliyamaliza asubuhi moja. Nilikuuliza mbona wewe huvai.

"Mama akiita, nani atasikia?"

Sikuona ubaya wowote katika jibu hilo. Siku hizi nauona.

Jumanne ile mchana chaji iliisha, mvua ikakatika. Nilikuwa katikati ya mstari, sikuzivua hedifoni. Ulikuwa dirishani umenipa mgongo, unaongea na simu.

"Ndiyo, programu nimeiandika mwenyewe." Ukasikiliza upande wa pili. "Hapana, niko peke yangu hapa."

Nilikuwa hatua tatu nyuma yako, kaka. Nikaendelea kubonyeza herufi ili usigeuke.

Jumatano na Alhamisi nilizivaa zikiwa zimezimwa. Ulininunulia chapati, nikajiuliza unanilipa nini. Ulinisifia kazi, nikajiuliza unamsifia nani. Ulishuka mara mbili kwenda Mnazi Mmoja bila kusema unafuata nini. Ijumaa nikabadilisha neno la siri la kompyuta. Uliporudi ukajaribu, ikakukatalia.

"Kuna nini?"

"Muulize uliyemwambia uko peke yako."

Ulikaa kitandani, ukasema, "Ungeniuliza kwanza." Ukachukua begi, ukavuka kwa kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni. Huu ni mwezi wa tatu hujarudi.

Wiki iliyopita kampuni moja ya Ilala, pale Mnazi Mmoja ulikokuwa unakwenda, ilinipigia: maombi yangu ya kazi yamekubaliwa. Sikuwa nimeomba kazi popote. Nilienda nikijua ni mtego, na mama wa ofisini, mpole tu, akanionyesha barua mbili, zote mwandiko wako. Ya Jumanne ilisema programu ni yako. Ya Alhamisi ilisema, "Nilidanganya. Ameiandika mdogo wangu. Mwiteni yeye, mimi niacheni." Chini ukaweka namba yangu.

Niliisoma nimesimama. Mama yule akanivutia kiti.

Ningependa kulia na kukusamehe, ila kuna kitu kinanikera. Kitaa cha bluu kilikuwa kimezimika siku zile mbili. Ulikiona? Kama ulikiona, ulijua nakusikia, na barua ya pili uliiandika kwa kuogopa kuumbuka. Kama hukukiona, basi roho ilikusuta mwenyewe, na mimi nilimfungia mlango kaka yangu siku moja baada ya yeye kutubu. Nimelizungusha hili kichwani kila siku, na kila siku napata jibu tofauti.

Kazi nimeikubali, naanza Jumatatu. Wananiambia ofisi yao ni kimya kabisa. Sijui kama nitaweza.

Mama hajui lolote. Nilimwambia umepata kibarua Kigamboni, na kila Jumapili baada ya ibada anakutengea sahani, halafu jioni anaifunika. Nimechoka kumdanganya kwa ajili yako. Jumapili hii vuka uje ule. Ukimaliza, mwambie mama yote mbele yangu, nikutazame usoni unavyosema.

Mdogo wako wa kike