Ukungu Juu ya Uso wa Mama Yako

Mdogo wangu Salim,

Nakuandikia nikiwa katika chumba chako cha giza cha kusafishia picha hapa Bagamoyo, harufu ya dawa za picha ni ile ile. Hatukuzaliwa tumbo moja, na kwa umri mimi ni mkubwa wako, lakini katika kazi hii wewe ndiye fundi wangu. Tangu niihame Barawa nimesoma kwa wengi; hakuna aliyenifunza kwa subira kama yako.

Mama yako alikuwa anakwenda Maka. Alitaka kuwaachia wajukuu sura yake, kwani kwa umri ule huenda asirudi. Vioo vya picha vilibaki vitatu tu. Cha kwanza nilipokitia kwenye dawa kilitanda ukungu mweusi, uso hauonekani. Cha pili vilevile. Barazani wakanicheka: "Mzee, umempiga picha Bi Mkubwa au moshi wa jikoni?" Nilicheka nao, Salim, kisha nikarudi chumbani.

Ndipo nikakumbuka neno lako: "Kaka, tazama ukingo kwanza." Ukingo wa kioo hufunikwa ndani ya sanduku la picha. Ukibaki safi, mwanga umepenya sandukuni. Ukiwa mweusi nao, kosa limo chumbani. Ulikuwa mweusi. Nikaigeukia taa. Kile kitambaa chekundu, bendera, ulichoizungushia ili mwanga mwekundu tu ufike kwenye vioo, kilikuwa kimepauka; mwanga mweupe unapita na kuviharibu.

Nikamwuliza mkeo kwa nyuma ya pazia, maana bado yumo edani. "Nilikifua, shemeji," akasema. "Baada ya arobaini tulisafisha nyumba nzima. Ningekiacha cha mume wangu na masizi?" Ningemlaumu vipi? Tulicheka, kisha akalia. Kesho yake akanipa kipya, amekishona mwenyewe, tabaka mbili za bendera ili mwanga mweupe usipite.

Kioo cha mwisho kilitoka safi. Kila kunyanzi, kipini cha puani, hata ule ukali anaojitia akizuia kicheko. Alipoishika picha alisema, "Hii kazi ya Salim." Sikumsahihisha. Ni kweli.

Ameshasafiri. Wajukuu wanagombania nani aishike.

Mungu akulaze pema, fundi wangu. Mkeo akitoka edani nitamfunza kazi hii, ameiomba mwenyewe. Na kila atakayekuja kupigwa picha katika nyumba hii atasikia kwanza jina lako, kisha ndipo tumwambie atulie.

Kaka yako,
Abubakari