Jinsi Nilivyolisafisha Gari la Fredrick

Somanda, Bariadi
Jumatatu, 19 Agosti 2024

Mdogo wangu mpendwa Apolonia,

Mwangaluka, mayu. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, umekunywa hata uji kidogo, na watoto wako wazima. Kikohozi cha Sayi kimepungua? Na wewe unapata usingizi? Huku kwangu mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Mahindi tumeshapukuchua, tumepata gunia kumi na moja. Shamba langu unalijua lilivyo dogo, na kuna watu wenye mashamba mapana hapa wameambulia tisa. Sisemi kwa majivuno, nasema tu lilivyo.

Utashangaa kuona barua wakati simu ninayo, tena ile ya kupangusa aliyoninunulia mwanangu Fredrick. Lakini simu yako siku hizi unaipokea katikati ya watu, na sauti yangu unaijua tangu tukilala kitanda kimoja kwa mama. Ungenikatiza uniulize nina nini, na mimi ningesema sina kitu. Kwa hiyo naandika. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiwapitishia wenzangu wauone, hilo hata wewe unalikumbuka.

Ujumbe wako niliupata. Umesema Alhamisi ndiyo kesi ya Limbu, na kwamba utaitwa useme mbele ya hakimu jinsi ulivyosikia pikapu yake ikipita asubuhi ile shemeji Ndaki alipogongwa. Umesema utafikia kwangu Jumatano, ulale, halafu twende mahakamani pamoja kwa gari la Fredrick, ili watu waone kwamba mjane wa Ndaki ana ndugu. Tena umesema mke wa Limbu sasa hakuna anayemtwisha ndoo kisimani hapo Dutwa, anajitwisha mwenyewe na ujauzito wake. Ujumbe huo nimeusoma mpaka nimeukariri. Naomba kabla hujafunga safari uisome barua hii hadi mwisho, na usimpe mtu akusomee.

Nianze na gari, maana kila kitu kiko kwenye gari.

Unajua Fredrick alivyohangaika hadi kulinunua. Kijana wa kwanza katika ukoo wetu kuitwa injinia, kijana aliyesoma kwa koroboi, leo anaendesha Harrier nyeusi. Ijumaa ile kabla ya Sabasaba alitoka Mwanza alfajiri sana, akaja nalo kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimewaambia kina mama wote wa jumuiya. Padre alikuwa amekubali kulibariki Jumapili baada ya misa ya kwanza, na mimi nilishanunua mbuzi. Fredrick alifika saa moja asubuhi, akaliingiza uani mpaka mwisho, pua ikitazama ukuta, akasema amechoka, akaingia kulala. Chai hakunywa. Nikasema ni uchovu wa barabara.

Gari lilikuwa na vumbi la Lamadi mpaka kwenye masikio, nami sikuweza kuliacha vile lionekane na majirani. Si unanijua. Alishanitumia video ya namna ya kuliosha, maana alisema hataki vijana wa mjini waliparure kwa matambara yenye mchanga. Nikaweka ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni ya magari na nyingine ya kusuuzia sponji, kwa sababu ukitumia ndoo moja unalirudishia uchafu wake mwenyewe. Unaanza juu, kwenye paa, unashuka na boneti, milango, chini unamalizia. Jua lisilipige, kwa hiyo nilisubiri kivuli cha nyumba. Sponji ikianguka chini hairudi kwenye gari. Matairi yana brashi yake. Halafu unalikausha kwa kitambaa laini, unapaka polishi kidogo kidogo, eneo la sahani moja tu kwa wakati, unasugua kwa mzunguko mpaka rangi inafunguka. Mwisho ndiyo waksi. Unaipaka nyembamba, unaiacha ikauke iwe kama ukungu, kisha unaipangusa. Apolonia, mtoto wa jirani alijiangalia mlangoni akachana nywele. Mama Winnie, yule mwenye duka, alisimama getini akaniuliza nimelipeleka wapi likafanywa hivyo. Nikamwambia kwa mikono hii.

Halafu ndiyo mchana Sayi akapiga simu kwamba baba yake amekutwa mtaroni karibu na Dutwa, na baiskeli yake, na gunia lake la pamba aliyokuwa akiiwahisha kwenye mzani, na kwamba wamempeleka hospitali. Jumamosi hatukuwa naye tena. Padre hakubariki gari. Alikuja kuzika.

Siku ya mazishi unaikumbuka kuliko mimi. Fredrick alisema kichwa kinamuuma, hawezi kuendesha, nikamwomba mtu wa parokia aendeshe. Ulikaa kiti cha mbele. Watu wakageuka kulitazama, nami, Mungu anisamehe, nilisikia fahari hata katika saa ile. Tulipofika ulinishika mkono ukaniambia: "Dada, hata katika msiba wangu umeniheshimu." Maneno hayo yamekaa kwangu. Nikiamka yapo.

Baada ya matanga Fredrick alirudi Mwanza kwa basi. Alisema gari lipumzike kwanza. Majirani niliwaambia ameniachia mimi, mama yake, na wakaamini, kwa sababu ni jambo ambalo kijana wangu anaweza kulifanya. Tangu hapo kila Jumamosi naliosha. Halitoki, halipati vumbi, na mimi naliosha.

Wiki ile ya pili askari wa barabarani walipita mitaani wakikagua magari. Kwangu walifika wawili. Mmoja, mtu mzima, aliinama akapitisha kiganja kwenye bampa yote, akapitisha na kwenye taa, akasimama akacheka. Akasema: "Mama, gari kama hili halijawahi kugonga hata kuku." Nikawapa maji ya kunywa. Nikawaonyesha na waksi yenyewe, wakauliza inauzwa duka gani.

Kesho yake wakaenda kwa Limbu. Pikapu yake unaijua, bampa imepinda tangu ilipogonga jiwe mwaka juzi, matope juu ya matope, na pamba imejaa kila kona kwa sababu kazi yake ni kubebea watu pamba. Mtu aliyeonekana barabarani asubuhi ile, ana bampa iliyopinda, ana pamba kwenye gari. Nani angetafuta mwingine? Limbu kosa lake ni kwamba hakuosha gari.

Sasa mdogo wangu, hapo juu nimekueleza jinsi nilivyoliosha, ila sikukueleza yote. Nimezunguka kama ng'ombe anayeogopa josho. Ngoja niingie.

Nilipofika pua ya gari, ilikuwa imetazama ukuta, ikabidi nijipenyeze kwa ubavu. Bampa ilikuwa na mchubuko upande wa kushoto, na juu ya mchubuko rangi ya kijani, mstari mrefu kama kidole. Kwenye wavu wa mbele, ule mafundi wanauita shoo, kulikuwa na kitu cheupe. Nikakivuta kwa kidole. Ilikuwa pamba, tena mbichi, ina mbegu zake ndani. Nikavuta nyingine. Ikajaa kiganja.

Nikamwamsha Fredrick. Nilimuuliza amegonga nini. Alisema amegonga ndama, kulikuwa na giza bado, na hakusimama kwa sababu wenye ng'ombe wangelichoma gari na yeye ndani. Unajua jambo hilo watu wa kwetu wanalielewa. Ukigonga ng'ombe wa watu husimami, unakwenda mbele, unarudi baadaye na wazee. Nikataka kumwamini. Lakini mimi nimekulia zizini, Apolonia. Najua unyoya wa ng'ombe unavyoganda kwenye damu, najua na harufu yake. Pale hapakuwa na unyoya hata mmoja. Na ndama habebi pamba.

Nilimtazama, naye akatazama ukuta. Sikumuuliza tena. Ningemuuliza swali moja zaidi angenijibu kweli, hakuwahi kunidanganya mara mbili kwa jambo moja tangu utoto wake. Kwa hiyo sikuuliza. Nilitoka nikachukua polishi. Ile rangi ya kijani nilianza kuisugua saa nne, na ilikuwa ngumu kutoka.

Daktari alikuambia, na wewe ukaniambia mimi, kwamba Ndaki alikaa mtaroni zaidi ya saa tatu akiwa hai, na angewahishwa pengine tungekuwa naye. Wakati nasugua alikuwa ndiyo kwanza anaokotwa na wale kina mama waliokuwa wanakwenda kuchota maji. Kama ningepiga simu hata kwa mtu mmoja tu, nikasema tazameni barabarani kuna mtu. Labda isingesaidia kitu. Labda ingesaidia. Sikupiga.

Na simu ya Sayi ilipolia, kitambaa kilikuwa mkononi. Waksi ilikuwa imeshakauka upande mmoja, upande mwingine bado. Mtoto akalia, akaniambia baba, akaniambia baiskeli. Baiskeli ya Ndaki ilikuwa ya kijani, nilikuwepo siku mnainunua. Nikamwambia ajikaze, nakuja. Kisha nikakata simu. Hili ndilo ninaloshindwa kumwambia hata padre. Nilikata simu, nikarudi, nikamalizia upande uliobaki. Nilipangusa mpaka nikaona uso wangu. Ndipo nikavaa khanga nikaja kukushika ulie.

Sijui kama mwanangu alijua ni Ndaki. Nadhani alijua mchana ule ule kama mimi. Ni baba yake mdogo, alimfundisha kuendesha hiyo hiyo baiskeli.

Wiki iliyopita, nilipopata ujumbe wako kuhusu mke wa Limbu, nilimpigia Fredrick. Nikamwambia mwanangu, njoo, tutakwenda wote, nitakushika mkono mpaka kizimbani, watu wa ukoo watakaa, tutatoa ng'ombe, tutapiga magoti. Nilidhani atalia. Akasema taratibu, kwa sauti ile ile ya kisomi ninayoisifia kwa watu: "Mama, gari ni safi. Wewe mwenyewe umelisafisha. Nani atakuamini?"

Ndiyo mtoto niliyemlea. Na bado, Apolonia, nikiandika jina lake mkono wangu unaandika vizuri zaidi kuliko maneno mengine. Sikudanganyi. Nampenda vile vile.

Kwa hiyo Jumatano usije kulala kwangu kabla hujajua unalala kwa nani. Ukiamua kuja ukanitukane, mlango uko wazi. Ukiamua usinione tena, hiyo ni haki yako, nitaibeba. Lakini Alhamisi usiseme mbele ya hakimu kwamba pikapu ya Limbu ndiyo iliyomgonga. Ulisikia gari likipita, hilo ni kweli. Lilikuwa letu.

Mimi nimeapa nitafika mahakamani kwa miguu na nitasema niliyoyaona. Ila najijua. Fredrick amesema atakuja Jumatano jioni tuzungumze. Atakaa pale kwenye kochi, atakula ugali wangu, ataniita mayu, kama mtoto anavyomwita mama yake, na mimi sijui asubuhi nitaamka mwanamke gani. Ndiyo sababu naandika leo, wakati bado ni mimi. Barua hii usiichome, usiifiche. Ukishaisoma mpelekee mke wa Limbu, naye aipeleke kwa mwanasheria wao kabla ya Alhamisi. Na ukiniona nimesimama pale nasema sijui, sikuona, mama hawezi kujua mambo ya magari, usiniamini. Amini karatasi hii. Nimeiandika saa sita mchana, nina akili zangu, hakuna aliyenishurutisha, na kila ukurasa nimeusaini pembeni jina langu.

Klementina wa jumuiya yetu anakuja mnadani Dutwa kesho, atakukabidhi mkononi. Hajui kilichomo.

Wasalimie watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Sayi mwambie shangazi zake na mama zake wote wanamwombea, na mimi nimo, akikubali. Mke wa Limbu mpe salamu zangu ukishampa barua, si kabla. Kaburi la Ndaki nimesikia udongo umetitia kwa upande wa miguu. Muongezee udongo kabla mvua za vuli hazijaanza.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,

Wilhelmina